Sauti Nyuma ya Kioo

Kioo kikubwa hubebwa na watu wawili, na mmoja wao hana ruhusa ya kugeuka. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza aliyonifundisha mume wangu tulipofungua karakana yetu ya vioo, kabla hata hajanionyesha namna ya kushika kalamu ya kukatia. Wa mbele anatazama mbele tu. Akigeuza shingo, bega linafuata, na bega likifuata kioo kinalazimika kupinda, jambo ambalo kioo hakiliwezi. Kwa hiyo wa nyuma ndiye anayeona kila kitu, na ndiye anayesema: kizingiti, kushoto kidogo, baiskeli inapita, simama, twende. Kuna pia sheria ya pili, kwamba kioo kikiponyoka unakiachia na kuruka pembeni, hata kiwe cha nani, kwa sababu vidole havina duka. Lakini ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa ndoa yetu.

Mimi nilikuwa wa nyuma. Mume wangu ana mabega kama kabati na mimi nina mdomo, na wateja walikuwa wakisema tumegawana kazi kwa haki kabisa. Aliniita Redio. "Redio, leo mawimbi mabaya," angesema nikichelewa kumtajia ngazi. "Redio, punguza sauti, jirani amelala." Tulipandisha vioo ghorofani, tukavipitisha kwenye vichochoro ambamo hata paka angefikiria mara mbili, naye hakugeuka hata siku moja. Mtu mzima, mwenye akili zake, anatembea na kitu kinachoweza kumkata koo, anaweka mguu pale tu ninapomwambia. Sijawahi kuambiwa napendwa kwa namna iliyo wazi kuliko ile, na mume wangu si msemaji.

Ugonjwa ulianzia kwenye kizingiti. Nilimwambia kizingiti, akakivuka salama, kisha nikajikwaa mimi mwenyewe niliyekitaja. Mguu wa kulia haukunyanyuka. Tulicheka. Baadaye ukagoma tena, kisha jicho la kushoto likaanza kuona kama kupitia kioo cha bafuni, na hapo hatukucheka. Daktari alinipiga picha za kichwa na mgongo, akatuambia ni MS. Alituchorea: kinga ya mwili, badala ya kupigana na maradhi, inachuna ngozi ya mishipa ya fahamu, kama panya anavyochuna waya wa umeme. Umeme upo, taa ipo, ila ujumbe unafika nusu, au haufiki. Alisema kuna dawa za kuupunguza mwendo, za kuuondoa bado. Nikaanza dawa.

Kila aliyesikia habari aliniambia nipumzike. Majirani, shemeji, mpaka muuza matunda wa kona. Mume wangu alinitengenezea kiti chenye mto, akakiweka karibu na mlango wa karakana ili nipate hewa. Kilikuwa kiti kizuri, na nilikichukia tangu siku ya kwanza. Nikishika birika, alilipokea. Nikiinuka, aliinuka. Siku moja nilimchokoza makusudi, nikamlaumu kwamba amepoteza futi ya kupimia, nami nilikuwa nimeikalia. Akaniomba radhi. Mwanamume ambaye zamani tungegombania futi ile mpaka chakula kipoe, aliniomba radhi kwa sauti ya hospitalini. Wala hakuniita Redio tena. Aliniita "mama", taratibu, kama mtu anavyomwita mama asiyemjua kwenye foleni.

Nafasi yangu nyuma ya kioo aliichukua wifi, dada yake mume wangu. Wifi ni mwanamke mwema, nami nampenda, lakini Mungu hakumuumbia kazi ile. Anaongea kunishinda, ila anaongea mambo mengine. Nikiwa kitini niliwaona wakitoka na kioo, wifi akisimulia harusi ya mtu fulani iliyovunjika, kizingiti kinakaribia, harusi inaendelea, na mume wangu anapapasa chini kwa ncha ya kiatu kama kipofu. Mdomo wangu ulikuwa unawasha. Mara nyingine nilijikuta nanong'ona kizingiti, peke yangu, wakati wao wameshavuka. Nilitamani uzito ule kwenye vidole, ule mtikisiko mdogo unaotoka kwenye mikono yake, unapita ndani ya kioo na kufika kwenye yangu, ambao kwa huo nilijua amechoka kabla hajasema. Nilikuwa nalala naye kitanda kimoja, na nilikuwa nimemkumbuka kama mtu aliyesafiri.

Kisha daktari akanipeleka kwa Sajini.

Jina hilo walimpa wagonjwa. Alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuuzia samaki, na chumba chake kilikuwa chini kabisa ya jengo la hospitali, mahali palipokuwa stoo zamani. Kulikuwa na madirisha madogo juu ya ukuta, feni mbili, mikeka, na baiskeli zilizofungwa sakafuni, zisizokwenda popote. Kabla ya kunigusa alinipima moyo na presha, akasoma karatasi za daktari mstari kwa mstari, akaniuliza nimezoea kufanya nini. Nikamwambia nimezoea kupumzika.

"Basi umepumzika vya kutosha," akasema. "Sijaja hapa kukuonea huruma. Huruma unayo nyumbani, na naona wanakupa nyingi."

Nilitamani kumkumbatia.

Mazoezi yenyewe yalikuwa hivi. Unakanyaga polepole, Sajini anapiga makofi, na hapo unakanyaga kana kwamba umeibiwa na mwizi yuko mbele yako. Anapiga tena, unavuta pumzi. Anapiga tena, mwizi karudi. Alieleza kwamba zamani watu wenye ugonjwa huu waliambiwa wakae, na kwa kukaa kwao misuli ikalala, ugonjwa ukapewa lawama za uvivu ambao si wake. Siku hizi, alisema, wanaoweza wanasukumwa mpaka ukingoni, kwa kipimo na kwa kuangaliwa, halafu wanapumzishwa. Hakutuahidi kupona. Jirani yangu wa baiskeli, aliyekuwa dereva wa lori, alimuuliza kwa mwendo ule tutafika wapi. Sajini akamwambia atafika chooni mwenyewe, bila kushikwa mkono, na kama kuna safari bora kuliko hiyo amtajie. Dereva akakanyaga.

Siku ya kwanza nilidhani nimekufa. Jasho lilipokolea, jicho la kushoto liliingia ukungu na mguu wa kulia ukawa gogo. Nililia, nikasema ugonjwa umerudi. Sajini aliniwekea taulo la maji baridi shingoni, akanisogezea feni, akaketi kando yangu. Alisema ni joto tu: waya uliochunika ukipata joto, ujumbe unapita kwa taabu zaidi, mwili ukipoa, utaona. Nikapoa. Nikaona. Niliiangalia ile feni mpaka nikahesabu mabawa yake, na nikataka kurudi kesho yake.

Jambo hilo la joto nilimweleza mume wangu, lakini kuelezwa si kuona. Siku moja alikuja kunichukua mapema, akachungulia kwenye kioo cha mlango wakati ule ule ambao mguu wangu uligoma. Aliona watu wawili wananishusha kwenye baiskeli, taulo usoni, mikono inaning'inia. Nilipotoka nilikuwa nimeshapoa na natembea, ila yeye alikuwa amebaki palepale mlangoni. Tuliporudi karakanani alifunga mlango, akaegemea meza ya kukatia.

"Wamekushusha kama gunia," akasema. "Sitaki uende tena."

Nikamweleza upya habari ya waya na joto. Alinisikiliza kwa ule uso wa hospitalini, anaitikia kila neno na hakuna linaloingia.

"Naogopa," akasema mwishowe.

"Na mimi naogopa. Ila kile kiti nakiogopa zaidi." Nilimwonyesha kiti, na mto wake. "Nataka kurudi nyuma ya kioo. Sina ninachokitaka kingine. Hata ukinipa dunia, nitakuuliza kioo kiko wapi."

Akazungusha kalamu ya kukatia mezani. Kisha akasema tutaona. Katika nyumba yetu, tutaona ni hapana iliyovaa nguo za kutokea.

Niliendelea kwenda. Hakunizuia, ila hakuja tena kunichukua. Alimtuma wifi, ambaye alifurahi kwa kuwa dereva wa lori alikuwa msikilizaji mzuri. Kuna majuma nilipanda ngazi za hospitali bila kushika ukuta, na kuna majuma ugonjwa ulinikumbusha mwenye nyumba ni nani, nikalala, nikakosa mazoezi, nikarudi nyuma kiasi cha kulia tena kwenye baiskeli. Sajini hakulia nami. Alipunguza uzito wa mashine, akapiga makofi. Miguu yangu ikaanza kuwa na umbo, na wifi akasema sasa nina mapaja ya mchezaji mpira, nikaenda kujitazama kwenye kila kioo cha karakana, na vilikuwa vingi.

Siku Sajini alipoelewa ninachokililia, aliazima ubao mrefu kwa seremala wa hospitali. Akanichosha kwanza kwenye baiskeli, kisha akanipa ncha ya nyuma, yeye akashika ya mbele, tukazunguka varanda na kupanda ngazi. Kila hatua mbili aligeuka kuniangalia.

"Wa mbele hageuki," nikamwambia.

Akageuka tena. Nikamfokea mbele ya wagonjwa wote, na yeye akacheka mpaka akauweka ubao chini. Lakini kabla hatujaondoka siku ile aliniambia neno moja kwa utulivu, nami nililibeba mpaka nyumbani. Alisema mguu hauniachi ghafla. Unaniarifu kwanza, kidogo tu, kama mtu anayekohoa kabla ya kuingia. "Ukikisikia hicho kikohozi, sema simama. Usione aibu, usijikaze. Anayejikaza ndiye anayeanguka." Tukafanya mazoezi na ubao huo, kutembea na kusimama, kutembea na kusimama, mpaka seremala akaja kuudai.

Kioo cha duka la dawa lililo ng'ambo ya barabara kilivunjwa na jiwe lililorushwa na tairi la gari. Mume wangu alikikata kipya mapema asubuhi, kipana, kirefu kunipita. Mwenye duka alikuwa amesimama mlangoni kwetu, dawa zake ziko wazi kwa vumbi na kwa kila mpita njia. Wifi akaja, akavua glavu zake, akaniwekea magotini.

"Wifi, mgongo wangu umesema basi," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. Alikuwa ameinama kuokota kanga yake sakafuni wakati anasema hivyo, na aliinuka kama msichana.

Mume wangu alimtazama dada yake, akamtazama mwenye duka, akaangalia barabarani kana kwamba kuna mtu mwingine angetokea. Hakutokea mtu. Nilishavaa glavu. Nikaenda mwisho wa meza, nikaweka mkono mmoja chini ya kioo na mwingine juu, nikangoja. Alichukua muda. Kisha akashika ncha yake, akanipa mgongo.

"Twende," nikasema.

Uzito ulikuja kwenye vidole kama mgeni niliyekuwa nikimsubiri miaka. Niliusikia mtikisiko wa mikono yake ndani ya kioo, na ulikuwa mkubwa, alikuwa anatetemeka. Tukapita meza, tukapita kiti changu. Mguu wa kulia uliburuta kidogo kwenye saruji, kama unavyoburuta kila siku, hata siku njema. Haukuwa umekohoa. Ulikuwa unaburuta tu. Nilikuwa nafungua mdomo kusema kizingiti, naye akageuka.

Shingo, bega, kioo. Ncha yangu ilipiga mwimo wa mlango, nikasikia mlio ule mwembamba ninaoujua, nikaachia na kuruka pembeni. Niliruka kwa miguu yangu yote miwili. Yeye hakuruka. Alikuja moja kwa moja kwangu, juu ya vioo, mikono mbele, akauliza kama nimeumia. Kidole chake ndicho kilichokuwa kinatoka damu.

"Umegeuka," nikasema.

"Ningefanyaje?" Akapaza sauti. "Nimesikia mguu unaburuta. Ulitaka nifanyeje?"

Ilikuwa mara ya kwanza kunipazia sauti tangu siku ya zile picha za kichwa. Mwenye duka alirudi nyuma hatua moja. Mimi, Mungu anisamehe, moyo wangu uliruka kwa furaha katikati ya vipande vile.

"Mguu wangu utaburuta," nikamwambia. "Leo utaburuta, na mwakani, na siku tutakayoweka madirisha ya wajukuu. Uache. Kama mimi sijasema kitu, hakijatokea."

"Na ukianguka?"

"Nitasema naanguka. Hapo uachie na uruke, kama ulivyonifundisha. Lakini mpaka niseme. Ukigeuka kabla sijasema, basi mimi huku nyuma sipo, umebeba na kivuli."

Alifunga kidole kwa kitambaa, akafagia, na wifi kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na la kusimulia. Kulikuwa na kioo kingine kimoja tu cha unene ule, kimeegemea ukuta wa ndani. Nilimwona anakitazama. Nilijua anapima: kikivunjika hiki, tutabaki na maneno, na kile kiti. Akakilaza mezani, akakikata, akasugua kingo kwa jiwe. Kisha akasimama kwenye ncha ya mbele, akanipa mgongo tena.

"Twende."

Meza. Kiti. Mguu ukaburuta, nikaona misuli ya shingo yake ikisimama kama kamba, na shingo haikugeuka. "Kizingiti," nikasema, akavuka, nikavuka. Nje jua lilikuwa limeshakuwa kali. Nikamsimamisha, gari likapita, nikamwambia twende. Tukaingia barabarani. Katikati nilianza kulisikia joto likipanda mgongoni, jicho la kushoto likaanza kufunga mapazia, na tulipofika ukingo wa pili, mbele ya duka la viatu lililopakana na lile la dawa, mguu ulikohoa.

Nilitaka kujikaza. Zilibaki hatua chache, na niliutamani mwisho ule vibaya sana.

"Simama," nikasema.

Akasimama. Nilikaza mikono, nikahamishia uzito mguu wa kushoto, nikavuta pumzi kama nilivyofundishwa, nikangoja mguu urudi. Haukurudi haraka. Watu walikuwa wanapita na kutuangalia, mwanamke na mwanamume na kioo kitupu kati yao, hawaendi wala hawarudi. Wifi, aliyekuwa ng'ambo, aliweka mkono mdomoni. Sikuwa na nafasi ya kusema lolote. Pumzi yote nilikuwa naitumia.

Dirisha la duka la viatu lilikuwa ubavuni mwetu, na kwa jicho langu zima nilituona humo sote wawili. Kulikuwa na kivuli changu, nimeinama kidogo, wazi kabisa, kiasi kwamba mume wangu asingehitaji hata kugeuka. Angesogeza macho tu pembeni angeniona. Nikamtafuta usoni humo kwenye dirisha. Alikuwa amefumba macho. Amesimama barabarani, kioo mikononi, damu imepenya kitambaa cha kidole, na amefumba macho, anasubiri kuambiwa.

Tulikaa hivyo. Mtikisiko uliokuwa mikononi mwake sikuusikia tena.

Kisha, bila kugeuka, akasema:

"Redio. Betri zimekwisha?"

Machozi yalinitoka na sikuwa na mkono wa kuyafutia. Nikauuliza mguu, nao ukaitikia, si vizuri, lakini uliitikia.

"Bado zipo," nikasema. "Kulia kidogo. Kuna ngazi moja. Twende."

Akaweka mguu pale nilipomwambia.